Mhandisi Mgeni: Tumfukuze au Tumbakishe?



Katika mikutano ya matawi tuliyoifanya hapa Nyakabiga na kule kwenye kartiye ya viwanda, swali moja limekuwa likirudi kila mara, hata pale ambapo halikuwamo katika ajenda. Watu wanauliza kwa nini mhandisi mgeni alipwe kwa dola na sisi tulipwe kwa faranga, apewe nyumba na gari, na sisi tutembee kwa miguu siku ambazo mafuta hayapatikani mjini. Wengine wanamaliza kwa kusema: kibali chake kikiisha, aende kwao.

Katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, wafanyakazi zaidi ya sitini wameandika barua na kutia sahihi. Wanataka sendika imwambie mwajiri asimwombee kibali kipya mhandisi Mkenya anayesimamia boila na mitambo ya mvuke. Barua hiyo iko mezani kwangu. Nimeisoma mara tatu, na ninawafahamu wengi wa walioitia sahihi. Ni watu wa kazi, si wachochezi. Makala hii ni jibu langu kwao.

Nasema mapema ili pasiwe na mtu wa kudai kwamba nimemzungusha: itakapofika siku ya kamati kuijadili, mimi nitasema barua isipelekwe kama ilivyo. Sisemi hivyo kwa kuwa napenda wageni kuliko wenyeji. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, sina mtoto aliye mhandisi, wala sijala chakula katika nyumba ya mgeni yeyote. Nasema hivyo kwa sababu najua jambo lililotokea mahali pengine, na aliyelipa gharama yake alikuwa mfanyakazi wa chini.

Mahali penyewe ni Uganda. Wazee wengi wa kwetu waliijua Uganda kabla ya kuijua Bujumbura, kwa kuwa enzi za Wabelgiji Warundi kwa maelfu walivuka mpaka kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya pamba, ya kahawa na ya miwa. Mashamba makubwa ya miwa yalikuwa mawili: Kakira, karibu na Jinja, la ukoo wa Madhvani, na Lugazi, kwenye barabara ya kwenda Kampala, la ukoo wa Mehta. Mwaka 1968 Uganda ilitoa tani 152,000 za sukari. Ilitosha kuliwa nchini na ziada ikauzwa nje.

Wahindi waliokuwa wakiendesha mitambo ile hawakuwa malaika, na sitaki mtu anisingizie kwamba nimesema hivyo. Mshahara wa mkata miwa ulikuwa mdogo. Mwafrika alikata, alipakia, alipima uzito, lakini kazi za ufundi mkubwa zilibaki mikononi mwa Wahindi na Wazungu wachache. Chuki ilikuwako, na ilikuwa na sababu zake.

Lakini tuangalie pia sheria iliwaweka wapi watu hao. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, wakazi wenye asili ya Asia walipewa muda wa kuchagua uraia. Wengine waliupata. Wengine waliomba, na maombi yao yakakaa makabatini miaka na miaka bila jibu. Mwaka 1969, wakati wa Rais Obote, zikaja sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, na asiye raia akawa mtu wa kibali: leo yupo, kesho hajui. Desemba 1971 Idi Amin akafuta maombi ya uraia yapatayo 12,000 yaliyokuwa bado yanangoja. Mtu aliyezaliwa Jinja, ambaye baba yake alifunga mashine za Jinja, aliambiwa kwa neno moja kwamba foleni aliyosimama haikuwa na dirisha.

Mfikirie fundi aliye katika hali hiyo. Je, atamfundisha kijana wa Kiganda au wa Kisoga siri ya mtambo wake? Siri hiyo ndiyo kibali chake cha kweli. Je, akiba yake ataiweka nchini? Ataipeleka London. Watu wakasema: unaona, hawa si wenzetu. Ilikuwa kweli, na sheria ndiyo iliyokuwa inawatengeneza kuwa hivyo.

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Mwanzoni ilisemwa kwamba madaktari, wahandisi, walimu na wataalamu wengine wataachwa. Baadaye msamaha huo ukaondolewa, na hata waliokuwa na haki ya kubaki wakaogopa, wakafunga mizigo. Uingereza ilipokea watu wapatao 27,000, Kanada maelfu kadhaa, na wengine wakatawanyika India na kwingineko. Maduka na viwanda wakapewa askari na jamaa zao. Wananchi wa Uganda waliwapa matajiri hao wapya jina la Kiswahili: mafuta mingi.

Sasa ndugu zetu wa mashamba ya miwa ya Moso watanielewa kuliko wengine. Mua ukikatwa, saa inaanza kuhesabu. Usiposagwa katika siku moja au mbili, sukari iliyomo inapotea. Kwa hiyo kinu kikisimama Jumatatu kwa kukosa beringi moja, hasara yake iko shambani, juu ya vichwa vya wakataji. Na kuna yule mtu wa kupika sukari katika sufuria la mvuke, anayejua wakati hasa punje zinapoanza kushika. Hakuna kitabu kinachotosha kufundisha kazi hiyo. Hufundishwa mtu akiwa amesimama karibu na mtu, mwaka baada ya mwaka. Mtu huyo akipanda ndege, anaondoka na kiwanda kichwani.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kazi ya sukari Uganda ilikuwa imekaribia kufa. Nchi iliyouza sukari nje ikawa inaitafuta kwa magendo, na mfuko wa sukari ukawa zawadi ya harusi. Sisemi kuondoka kwa mafundi ndiyo sababu pekee. Kulikuwa na vita, fedha za kigeni zilikosekana, spea hazikufika, na watawala wale wangeweza kuua kiwanda hata chenye mafundi mia. Lakini mkata miwa hakupata kazi ya Mhindi aliyefukuzwa. Alipoteza hata ile yake. Yule Mhindi mhandisi alipata kazi Leicester au Toronto, pengine baada ya kuosha vyombo mwaka mmoja. Mkata miwa wa Kakira angekwenda wapi?

Mwaka 1980 ukoo wa Mehta ulianza kurudi Lugazi, na mwaka 1985 ukoo wa Madhvani ukarudi Kakira. Ilichukua miaka na mikopo mikubwa kufufua vinu hivyo. Matajiri walirudishiwa mali yao. Wale mafundi wa mkono, waliokuwa wamezeeka Ulaya, wengi hawakurudi kabisa.

Mtu ataniambia: hayo ni ya Uganda. Basi tuangalie nyumbani. Kuanzia mwaka 1959 na miaka iliyofuata, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Burundi kwa makumi ya maelfu. Wengi walikaa hapa Bujumbura, na Nyakabiga ilikuwa moja ya kartiye zao. Miaka zaidi ya thelathini walikuwa miongoni mwetu. Walifundisha shuleni, walitibu, walishika vitabu vya hesabu, walitengeneza mashine. Sisi tuliokuwa watoto hatukujua nani mkimbizi na nani mwenyeji mpaka tuliposikia wakubwa wakizungumza. Lakini wengi wao waliendelea kuwa watu wa karatasi ya ukimbizi, na milango ya kazi fulani haikufunguka kwao hata wawe na diploma gani. Baada ya Julai 1994 waliondoka kwa wingi kurudi Rwanda. Walikuwa na haki ya kwenda kwao, tena kwa furaha. Lakini kwa mtu aliyezaliwa Bujumbura, akasoma Bujumbura, akafanya kazi Bujumbura, tulikuwa tumempa sababu gani ya kufikiria kubaki? Rwanda ilipata walimu na mafundi ambao Burundi ilikuwa imewalea, na sisi tulikuwa katikati ya vita vyetu vilivyoanza mwaka 1993.

Tanzania ilifanya tofauti kwa watu wetu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walilima mpaka makazi hayo yakawa yanalisha wilaya za jirani. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Wengi ni wakulima, lakini mtoto wa Mishamo anayesoma uhandisi leo hatangoja kibali cha mtu yeyote ili afunge mtambo Dodoma.

Sasa nirudi kwenye kiwanda chetu na barua ile ya sahihi sitini.

Nilikwenda kuzungumza na mhandisi mwenyewe. Amenipa ruhusa ya kuandika haya, mradi kiwanda kisitajwe. Mwaka jana aliandika kwa mwajiri kwamba boila izimwe siku nne, mabomba fulani yabadilishwe na vali ya usalama iondolewe, kwa kuwa haifunguki presha inapopanda. Ndugu zangu mnaofanya kazi karibu na boila mnajua maana ya vali isiyofunguka. Mwajiri akasema oda haziwezi kungoja, na devizi za kununulia vali mpya hazipo. Mhandisi akasema basi yeye hatawasha. Akajibiwa kwa upole kabisa: "Unakumbuka kibali chako kinaisha mwezi gani?"

Akawasha. Anaiendesha kwa presha ya chini na kila asubuhi anasimama pale mwenyewe. Walioandika barua walilalamika ndani yake kwamba mhandisi huyu "anapunguza nguvu ya mashine ili bonasi zetu zipungue." Sasa mnajua kwa nini anaipunguza.

Nilimuuliza swali la pili, lile mnalouliza ninyi: kwa nini hamfundishi mtu? Kwa nini daftari la vipimo linakaa katika begi lako na begi linalala nyumbani kwako? Hakukataa. Alinijibu: "Mzee, siku kijana wenu atakapojua kila kitu, mwajiri hataniongezea kibali. Nina watoto watatu shuleni Thika."

Jibu hilo halikunipendeza, na nilimwambia hivyo. Lakini ni lile lile la fundi wa Kakira mwaka 1970. Mpe mtu kibali kifupi, kiwe mikononi mwa mwajiri, kisha umwambie afundishe atakayechukua nafasi yake: umemwambia achimbe kaburi lake kwa jembe alilonunua mwenyewe.

Wenzetu wa Tanzania walijaribu kulitatua kwa sheria. Sheria yao ya mwaka 2015 ya kusimamia ajira za wasio raia ilisema, ilipotungwa, kwamba kibali ni cha miezi 24, kinaweza kuongezwa, lakini jumla isipite miaka mitano. Tena inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania. Wazo la kurithisha ni zuri na tungependa tuwe nalo kwa nguvu hapa. Lakini mpango unaoandikwa na mwajiri na kusomwa na ofisa, bila mfanyakazi kuuona, ni rahisi kuwa karatasi tu. Na ukomo kama huo unamkuta mwalimu mzuri na mwalimu mbaya kwa kipimo kimoja: wote wawili nje.

Hata mataifa makubwa yanajikwaa hapo hapo. Marekani, ambayo inachukua wahandisi wa dunia nzima, ina viza iitwayo H-1B. Kwa mwaka zinatolewa kwa makampuni 65,000, na nyingine 20,000 kwa waliopata shahada za juu katika vyuo vya huko huko. Waombaji huwa wengi kuliko viza, hivyo hupigwa bahati nasibu. Mhandisi wa viza hiyo akiachishwa kazi, ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kufungasha. Septemba 2025 Rais Trump aliongeza ada ya dola 100,000 kwa ombi jipya la mtu aliye nje ya nchi. Wanamsomesha kijana katika vyuo vyao miaka sita, kisha wanamwambia acheze kamari ili abaki. Wakati huo huo yule aliyebaki anaogopa kumpinga bosi. Kamba ni ile ile, ila ya kule ni ndefu zaidi.

Kwetu sisi lakini kuna jambo ambalo walioandika barua wamelisahau. Mkenya huyu, kwa sheria, si mgeni kama wageni wengine. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 10 ya itifaki hiyo inahusu uhuru wa wafanyakazi kwenda na kufanya kazi katika nchi za Jumuiya. Inakataza ubaguzi wa uraia katika ajira na malipo. Na inasema, jambo ambalo waajiri hawalitangazi, kwamba mfanyakazi huyo ana uhuru wa kujiunga na wenzake na kujadiliana kwa pamoja kuhusu hali ya kazi, kwa kufuata sheria za nchi. Maana yake anaweza kuchukua kadi ya sendika yetu.

Itifaki hiyo inafanya kazi pande zote. Kijana wetu aliyesoma uhandisi pale Campus Mutanga, akapanga chumba hapa Nyakabiga kwa miaka mitano huku akila maharagwe ya jioni tu, ana haki hiyo hiyo Nairobi au Kampala. Na wanakwenda. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia sahihi mkataba wa kutambuana, Rwanda ikafuata. Burundi haikuwamo miongoni mwa zile tatu. Kwa hiyo mhandisi wetu akifika Nairobi anaweza kuonekana fundi wa kawaida, na mwajiri wa huko akamlipa kama fundi wa kawaida. Tukianza sisi kumfukuza Mkenya hapa, tutasema nini siku Mrundi atakapofukuzwa kule?

Kuhusu mshahara, hilo sikulisahau. Katika kiwanda hicho hicho kuna mhandisi Mrundi mwenye diploma kama ya Mkenya, na analipwa kama theluthi ya malipo yake. Malalamiko haya ni ya haki. Lakini aliyepanga mishahara hiyo ni nani? Mkenya akiondoka, dola zake hazitagawanywa kwenye bahasha zenu. Mwajiri ataleta mwingine kutoka mbali zaidi, wa mkataba mfupi zaidi, asiyejua Kiswahili wala Kirundi, na huyo hata salamu hatuwezi kumuuliza vali ikoje.

Kwa hiyo mimi napendekeza barua iandikwe upya. Idai kwamba kibali kiwe cha mfanyakazi mwenyewe, si cha kampuni, ili akigombana na mwajiri juu ya usalama aweze kuhamia kiwanda kingine bila kutoka nchini. Idai muda mrefu kwa anayefundisha: kwa kila mhandisi mgeni, Warundi wawili wa kukaa naye, na kuhitimu kwao kupimwe mbele ya mitambo, mjumbe wa sendika akiwapo. Akishawafundisha wawili, hilo liwe sababu ya kumwongezea miaka, badala ya kuwa sababu ya kumwondoa. Aliyekaa miaka mingi na kufundisha wengi, akitaka uraia, maombi yake yajibiwe, ndiyo au hapana, yasilale kabatini. Idai Mrundi mwenye kazi ile ile na ujuzi ule ule alipwe kwa ngazi ile ile. Na kabla ya yote hayo idai vali.

Najua baadhi yenu mtasema huu ni mzigo wa serikali na si wa sendika. Sehemu ni ya serikali, kweli. Vibali hutolewa na ofisi za serikali, na kutambuliwa kwa diploma za wahandisi wetu katika Jumuiya ni kazi ya wizara. Lakini ofisi hizo husikia sauti ya waajiri kila wiki. Sauti yetu huisikia tunapokuwa tumekasirika tu, tena kuhusu jambo jingine.

Wajumbe wa matawi yote, viwandani na mashambani, mnaombwa mlete habari hizi kwa katibu kabla ya mkutano ujao: wahandisi na mafundi wageni ni wangapi mahali penu, kila mmoja anafanya kazi gani, kibali chake kinaisha lini, na ni Mrundi gani anayefanya kazi pamoja naye kila siku. Pasipo na Mrundi, andikeni "hakuna." Kwenye boila, andikeni pia tarehe ambayo vali ya usalama ilipimwa mara ya mwisho. Mhandisi Mkenya wa kiwanda kile amekubali kuja siku hiyo na daftari lake. Walioitia sahihi barua wote wamealikwa, na nimewawekea viti vya mbele.